Kwa Nini Boti Huogopwa Kuliko Ndege

Darasani mwangu hapa Kisumu huanza somo la maoni ya umma kwa zoezi lisilochukua hata dakika kumi. Nusu ya wanafunzi hupewa karatasi inayowauliza kama nchi tajiri ina wajibu wa kuwapokea watu waliokimbia vita na mateso. Nusu ya pili huulizwa kama nchi hiyo hiyo ina wajibu wa kuwapokea watu waliotua ufuoni kwa boti bila viza. Watu wanaozungumziwa ni wale wale, kwa kuwa wengi wa wanaovuka kuingia Uingereza kwa boti ndogo wametoka Afghanistan, Eritrea, Sudan, Syria na Iran, lakini majibu hayajapata kufanana hata muhula mmoja. Waliopata karatasi ya kwanza huandika kuhusu huruma na sheria. Waliopata ya pili huandika kuhusu foleni, mipaka na udanganyifu.

Nimekuwa nikitafiti jambo hili kwa muda mrefu, na maelezo ninayokutana nayo mara nyingi ni kwamba wenyeji huwaogopa wageni kwa sababu ya wingi wao. Sikubaliani nayo, au niseme kwa uangalifu zaidi kwamba yanaeleza sehemu ndogo tu. Mwaka 2022 watu zaidi ya 45,700 walivuka mlango-bahari wa Uingereza kwa boti ndogo, idadi kubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia, na habari zao zikatawala magazeti na bunge na serikali ikatangaza mpango wa kuwapeleka Rwanda, mpango ambao Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliuharamisha Novemba 2023. Mwaka huo huo wa 2022 raia wa Ukraine zaidi ya laki moja waliingia Uingereza kwa viza maalumu, na maelfu ya familia za Kiingereza zikawafungulia vyumba vya nyumba zao. Waliokuja wengi zaidi ndio waliopokelewa vizuri zaidi.

Msomaji atasema, na atakuwa na haki, kwamba Waukraine ni Wazungu na wengi wao ni Wakristo. Hilo lina uzito. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, ambapo watu wapatao 18,000 katika nchi 15 za Ulaya walionyeshwa maelezo ya waomba hifadhi wa kubuni na kutakiwa kuchagua nani apokelewe, uligundua kwamba Mwislamu alikataliwa mara nyingi zaidi kuliko Mkristo hata pale mambo mengine yote yalipolingana. Lakini utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba wahojiwa walimjali mtu mwenye ujuzi wa kazi, aliyepitia mateso, na ambaye maelezo yake hayakupingana. Neno hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Watu walitaka kuamini kwamba kuna mtu aliyeisikiliza habari ya mgeni na kuipima.

Australia inalionyesha jambo hili vizuri kuliko nchi nyingine yoyote. Agosti 2001 meli ya mizigo ya Norway iitwayo Tampa iliwaokoa watu 433, wengi wao Wahazara wa Afghanistan, kutoka katika chombo kilichokuwa kikizama, na serikali ya Australia ikakataa kuwaruhusu washuke katika kisiwa chake cha Christmas. Kura za maoni za wakati ule zilionyesha kwamba wananchi wengi waliunga mkono uamuzi huo. Oktoba mawaziri wakadai kwamba waomba hifadhi wa boti nyingine waliwatupa watoto wao baharini, dai ambalo uchunguzi wa Seneti mwaka 2002 ulithibitisha kwamba halikuwa la kweli, ila uchaguzi ulikuwa umekwisha kupita. Katika kampeni, Waziri Mkuu John Howard aliwaambia wapiga kura kwamba wao ndio watakaoamua nani aje katika nchi yao, na aje kwa njia gani. Sasa ongeza hili: Septemba 2015 serikali ya Australia, ambayo wakati huo ilikuwa ikizirudisha boti baharini, ilitangaza kwamba ingewapokea watu 12,000 zaidi kutoka Syria na Iraki, waliochaguliwa kambini na kusafirishwa kwa ndege. Hata waliokuwa wakali dhidi ya boti waliweza kuukubali mpango huo. Mkimbizi wa Syria ni yule yule, akishuka kwenye ngazi ya ndege au akishuka majini hadi magotini, lakini wa ndege ameletwa, na wa boti amejileta.

Hapo ndipo linapoingia neno foleni, ambalo nalisikia Kisumu kama linavyosikika Sydney. Watu hudhani kwamba mahali fulani pana mstari, na aliyepanda boti ameuruka. Aliyefika Dadaab, kambi iliyoanzishwa mwaka 1991, au Kakuma iliyofuata mwaka 1992, anajua hali ilivyo. Duniani kote, chini ya asilimia moja ya wakimbizi hupelekwa nchi ya tatu katika mwaka mmoja, na kuna watu waliozaliwa Dadaab ambao wamezaa watoto wao humo humo. Mtu hawezi kuomba hifadhi ya Uingereza akiwa nje ya Uingereza, wala hakuna viza inayotolewa kwa ajili hiyo. Ndiyo maana kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu aliingia bila kibali, ilimradi ametoka moja kwa moja mahali pa hatari, amejisalimisha bila kukawia na ana sababu ya kuridhisha. Waliouandika mkataba huo walikuwa wameiona vita ya Ulaya kwa macho yao, na walifahamu kwamba mtu anayekimbizwa hapitii dirisha la kulipia pasipoti.

Nilipotaka kuelewa ni kitu gani hasa mtu hukiona anapoiona boti, nilikwenda Dunga kumwona mzee mmoja aliyevua mbuta na omena katika Ziwa Viktoria kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya boti ya mpira, watu wameketi juu ya mapipa yake ya pembeni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Aliifuta skrini kwa kidole gumba, akaanza kuhesabu miguu iliyoning'inia upande ulioonekana. Alipofika ishirini na kitu aliacha, akauliza, “Mwalimu, nahodha ni yupi hapa?” Nikamweleza kwamba mara nyingine anayeshika injini ni abiria tu aliyekosa nauli kamili, na kwamba Uingereza huweza kumfunga kwa kosa hilo, wakati mwenye biashara amebaki nchi kavu na hela zake. Mzee alinirudishia simu. “Basi hiyo boti haina mwenyewe,” akasema. “Mimi nisingempandisha mtu humo, na aliyepanda hakupanda kwa kupenda.”

Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu karibu nasi hawakukubaliana naye wote. Kijana mmoja alisema kwamba kila nchi ina haki ya kujua nani anaingia, na kwamba yeye mwenyewe huulizwa karatasi na askari wa Uganda akivuka kidogo tu upande wao. Sioni ubaya katika kauli hiyo. Kutaka kujua nani anaingia si chuki, na watafiti wenzangu wanaolifanya kila shaka kuwa ubaguzi huwapoteza watu ambao wangeweza kusikiliza.

Ninasema hivi kwa sababu niliiona shaka hiyo ikizaliwa kwetu. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, nilijitolea katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru kuandikisha familia zilizofukuzwa makwao. Wiki za kwanza wenyeji walileta blanketi, unga na sufuria ambazo bado zilikuwa na masizi ya jikoni kwao. Miezi michache baadaye serikali ilipoanza kutoa shilingi 10,000 kwa kila kaya ili ianze maisha upya, orodha zikaongezeka, zikapingana, majina yakajirudia, na mtaani pakazuka usemi mpya: wakimbizi bandia. Mama mmoja niliyemwandikisha mwenyewe mwezi wa Januari, akiwa na mtoto mgongoni na funguo za nyumba iliyokwisha kuchomwa, alirudi mezani kwangu akitetemeka kwa sababu konda wa matatu alikuwa amemwita hivyo mbele ya abiria. Idadi ya wenye shida haikuwa imebadilika kwa kiasi cha kueleza mabadiliko yale ya moyo. Kilichobadilika ni kwamba watu waliacha kuamini daftari, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshika daftari hilo.

Na sisi pia tulikuwa wageni kwa wengine: siku hizo hizo maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda, wakapokelewa katika kituo cha Mulanda, na baadhi yao wakahamishiwa makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo. Wachache wa wanafunzi wangu wanalijua hilo, hata wanaotoka Busia.

Huruma inayotokana na picha pekee haidumu. Mwili wa mtoto Alan Kurdi uliopigwa picha ufuoni mwa Uturuki Septemba 2015 uliwafanya watu wa Sweden kuchangia mfuko wa wakimbizi wa Syria kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, kisha ndani ya wiki chache michango ikarudi ilikokuwa. Nako katika visiwa vya Ugiriki vilivyo karibu na Uturuki, ambako mwaka ule walipita mamia ya maelfu ya watu, watafiti walikuta baadaye kwamba wakazi walikuwa na uadui zaidi kuliko wa visiwa vya mbali, ingawa wageni wengi walikaa siku chache tu na kuendelea na safari. Hawa ni wakazi ambao baadhi ya majirani zao waliingia majini kuwaokoa watu. Walichoshuhudia kila siku kilikuwa fujo isiyo na msimamizi, jaketi okozi zimetapakaa mawe yote.

Tangu mwaka jana nimeongeza karatasi ya tatu katika zoezi langu. Inawataja watu wa boti kama ile ya pili, pamoja na sentensi moja zaidi: kila mmoja wao atasikilizwa na afisa ndani ya miezi sita, mwenye sababu atabaki, na asiye nayo atarudishwa kwao kwa usalama. Darasa langu ni dogo na siwezi kulichapisha kama ushahidi. Hata hivyo majibu ya karatasi hiyo husogea karibu sana na yale ya karatasi ya kwanza, na neno foleni halionekani humo ila mara moja moja.