Kwa nini kitako (ile mbao) cha bunduki ya .375 kinapasuka, na namna ya kukivalisha kisipasuke

Mwezi wa saba ukikaribia, msimu unafunguliwa, huku Arusha watu wanaanza kuniletea bunduki zao kubwa, .375, .416, wengine .458 kabisa (namba hizo ni upana wa risasi kwa inchi), na ukiangalia shingo ya kitako pale mkono unaposhika nyuma ya trigga unakuta ufa. Mwenye bunduki anasema mbao mbovu hii fundi, niwekee ngumu zaidi. Ndugu zangu, mara nyingi mbao haina kosa lolote. Kosa ni jinsi chuma kilivyokaa ndani ya mbao, na ukiweka kitako kipya kwa mkao uleule kitapasuka tu.

Angalia kwanza mzigo wenyewe. .375 H&H, ile waliyoileta Holland & Holland wa London mwaka 1912, inarusha kichwa cha risasi cha gramu 19 na ushee kwa mwendo wa kama mita 770 kwa sekunde. .458 Winchester ya mwaka 1956 kichwa chake ni gramu 32. Ukichukua .30-06 ya kawaida ya kupigia swala, teke la .375 ni karibu mara mbili yake na la .458 linafika mara tatu hivi, na hilo teke lote kabla halijafika begani kwako limepita kwenye mbao.

Sasa linapita wapi? Hapo ndipo penye kazi. Bunduki nyingi za bolti, yaani lile komeo la kuvuta kwa mkono, tunazowindia nyati zimefuata mpango wa Mauser wa Ujerumani wa 1898, na BRNO 602 za Kicheki ambazo bado ziko nyingi huku kwetu ni za ukoo huohuo. Chini ya bodi ya chuma, ile inayobeba bolti, karibu na mtutu unapoanzia, kuna jino nene la chuma linaloingia kwenye shimo la mbao. Jino hilo ndilo linalotakiwa kubeba teke lote, yaani uso wake wa nyuma ukae umegusa mbao upana wote. Likikaa na nafasi hata ndogo kama unene wa karatasi, risasi ikilia bodi nzima inateleza nyuma kwanza, alafu kinachogonga mbao ni ule mkia mwembamba wa chuma ulioko nyuma kabisa ya bolti. Mkia unaingia kwenye shingo kama kabari kwenye gogo la kuni. Risasi kumi za kwanza huoni kitu, baadae unaona kamstari kembamba kama unywele, na ukiwa porini na mvua imenyesha mbao ikavimba, siku hiyo inaachia.

Siku hizi watu wanaagiza vitako vya nusu kazi kutoka Ulaya na Marekani, mashine imeshachonga karibu kila kitu, na wanaona ni kazi ya kufungua skrubu mbili na kufunga nyumbani. Kwa bunduki ndogo labda, kwa hizi hapana, sababu ile nafasi iliyobaki kidogo ndio kazi yenyewe, na kwa Tanzania fundi anayegusa bunduki awe na leseni na bunduki iwe na kibali chake, msikwepe hilo.

Mimi nafanya hivi. Napaka chuma masizi yaliyochanganywa na mafuta kidogo, nakishusha kwenye mbao taratibu, nakitoa. Palipobaki peusi ndipo palipogusa, nakwangua hapo tu kwa patasi kali, kidogo sana, narudia tena. Ni kazi ya siku nyingi na haina njia ya mkato, ukikwangua kwa haraka unatengeneza nafasi ambayo huwezi kuirudisha. Nyuma ya jino nikishapata weusi uso mzima ndio najaza epoksi (gundi inayokauka ngumu) nyembamba, chuma nimekipaka nta vizuri kisigande, ikikauka inakuwa imeshika umbo la jino lenyewe. Mbele ya jino, pembeni na chini naacha wazi kidogo ili liingie na kutoka bila kukwaruza. Na kwenye ule mkia wa nyuma naacha nafasi makusudi, karibu nusu milimita. Wateja wakiiona hawaipendi, wanasema fundi umeacha pengo, lakini pengo hilo ndilo linalookoa shingo.

Alafu naweka bolti za kukaza mbao, sio lile komeo, zinazopita mbao upande hadi upande, moja nyuma ya jino na nyingine kwenye ule ukuta mwembamba kati ya magazini (kasha la risasi) na trigga. Kwa .416 na .458 sikubali kazi bila hizo mbili.

Kuhusu mbao, walnati inapendwa kwa sababu ni nyepesi kulingana na nguvu yake na inachongeka safi. Ya hapa kwetu mimi nachagua mninga, haichezi sana hali ya hewa ikibadilika, na kwa bunduki inayotoka Arusha kwenda Rufiji hilo ni jambo kubwa. Mkongo ni imara ila mzito. Mpingo usiniletee kwa kitako kizima, mzito mno, weka kipande cha ncha ya mbele kwa urembo basi. Ila mbao yoyote iwe, angalia nyuzi zake pale shingoni, zipite sambamba na shingo. Zikikata mshazari nairudisha hata iwe imelipiwa bei gani, sababu kuna mtu ataishika hiyo bunduki nyati akiwa mita ishirini.

Kitu cha mwisho kabla sijamkabidhi mtu ni magazini. Ukibadilisha mbao, kasha la magazini linaweza kubanwa au kupanda juu kidogo na risasi zikaanza kukwama. Napitisha risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, polepole kisha kwa kasi, kisha bunduki ikiwa imelala ubavu, naangalia ile kucha ndefu ya Mauser inashika ukingo wa nyuma wa ganda la risasi tangu linapotoka kwenye magazini. Skrubu ya mbele inakazwa kwanza, ya nyuma inafuata. Ukishapiga risasi kama ishirini uwanjani irudishe niifungue, nione masizi yanasema nini.