Bia ya kegi ndogo, chupa na kopo: tunayoyaamini na yaliyo kweli

"Kegi, yaani kipipa cha bia chenye bomba, ukishaifungua inakaa mwezi mzima." Dhana hii imenitia hasara mwenyewe. Shemeji alitoka Dar es Salaam kwa gari, akanishushia kegi ya lita 5 hapa mtaani kwetu Kisasa, Dodoma. Jumamosi tulikunywa watu watatu, tukairudisha kwenye friji ikiwa na nusu. Jumatatu jioni nikafungua bomba: rangi ya bia ipo, povu hamna, na ladha ni ya boksi lililolowa maji.

Ukweli ni kwamba kegi hizi ziko za aina mbili. Moja ina bomba chini na kizibo cha kupitisha hewa juu. Kila unapokinga glasi, hewa ya nje inaingia kujaza nafasi iliyoachwa. Oksijeni inachakaza ladha na gesi inatoka. Hiyo imalizeni siku hiyohiyo, ikichelewa sana kesho yake. Nyingine ina kimtungi cha gesi ya kaboni dayoksaidi ndani, kinachosukuma bia bila kuingiza hewa. DraughtKeg ya Heineken ni ya namna hii, na ndiyo inayokaa siku 30 baada ya kufunguliwa. Siku hizo 30 watu wamezibandika kwenye kila kegi wanayoiona. Soma maandishi ya ubavuni kabla hujatoa hela.

Wengine wanasema kegi ni ya kufungua ikifika tu. Hapana. Bia iliyotikiswa njiani na kupigwa jua haishiki gesi. Utakinga povu tupu. Lita 5 zilizo pamoja hupoa taratibu mno kuliko chupa, kwa hiyo iweke kwenye friji usiku kucha, na usiitikise tena.

"Kopo linatia bia ladha ya bati." Ndani ya kopo kuna utando mwembamba unaoitenga bia na alumini. Unachokihisi ni midomo na pua kugusa chuma. Mimina kwenye glasi, utaona.

Kwenye chupa ndiko ninakoumia zaidi, kwa sababu jua la Dodoma hatulijali. Wengi huamini kioo ni kioo, na kwamba bia iliyoanikwa ikiingia friji inarudi sawa. Mwanga ukikutana na viambato vya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huzalisha kemikali yenye salfa, na ile harufu mbaya unayoisikia ukifungua kizibo ndiyo hiyo. Baridi haiiondoi. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo; cha kijani kidogo sana, cheupe karibu hakuna. Kopo na kegi haviruhusu mwanga kabisa. Kwa hiyo kreti ikikaa kibarazani mwa duka tangu asubuhi, mwombe muuzaji akutolee ya ndani, hata kama ni ya moto.

"Bia ya kegi ina nguvu zaidi." Hapana, bia ni ileile. Ila kegi ya lita 5 ni sawa na chupa 10 za mililita 500, na mezani hakuna chupa tupu za kuhesabu, kwa hiyo mtu anapitiliza bila kujua.

Siku hizi kegi naichukua kukiwa na kipaimara au wageni kuanzia sita. Siku za kawaida nafungua chupa moja, na zilizobaki zinalala na vizibo vyake, hata umeme ukikatika.