Je, wajua kwa nini beri hutiwa sukari kabla ya pombe?

Mwenye haraka hutia kila kitu kwenye jagi kwa mkupuo: beri, sukari, limau, pombe, barafu. Kinachotoka ni pombe yenye rangi hafifu, vipande vya matunda vinaelea juu na sukari imetuama chini. Vitu vyote vimo, ila mpangilio umekosewa.

Sehemu kubwa ya utamu na harufu ya beri imefungiwa ndani ya seli zake. Ukinyunyizia sukari stroberi zilizokatwa, sukari hiyo huyeyuka kwenye unyevu wa tunda na kuwa shira nzito. Maji yaliyomo ndani ya seli hutoka kuifuata shira hiyo, jambo linaloitwa osmosisi. Baada ya nusu saa utakuta bakuli lina juisi nyekundu, na hujaponda chochote. Isitoshe, sukari huyeyuka vyema kwenye maji lakini kwa shida sana kwenye pombe, na baridi ya barafu huzidisha shida hiyo. Ikitangulia kuwa shira, haitatuama tena.

Beri zilizogandishwa hutoa juisi kwa urahisi zaidi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chenga za barafu huzipasua kuta za seli. Kupambia glasi hazipendezi kwa kuwa hulegea, lakini kwa kinywaji chenyewe nazichagua bila kusita.

Kuponda kunataka mkono mwepesi. Bonyeza mpaka nyama ya tunda iachie, basi. Mbegu za rasiberi zikisagika hutoa uchungu unaokausha mdomo, ndiyo maana mashine ya kusagia siipendekezi hapa. Kisha chuja.

Sasa limau, na hapa ndipo panaponifurahisha kila mara. Rangi ya beri inatokana na anthosianini, rangi asilia zinazogeuka kulingana na ukali wa kimiminika: kwenye asidi huwa nyekundu, asidi ikipungua huelekea zambarau, na kwenye magadi huwa buluu. Kamulia limau kwenye juisi ya bluberi iliyofifia uone inavyong'aa wekundu papo hapo. Asidi hiyo pia huzuia kinywaji kisikinaishe kwa sukari.

Kwa wageni 10, gramu 600 za beri, gramu 150 za sukari na mililita 200 za maji ya limau zinatosha. Onja kabla ya barafu, na usishtuke ukiona utamu umezidi kidogo: ulimi hauhisi utamu vizuri kwenye kitu cha baridi, na barafu ikiyeyuka itaongeza maji. Ukionja ukaridhika kabisa wakati huu, mezani kitakuwa kikali.

Kabla ya kutia pombe, gawa juisi hiyo katika majagi mawili. Wasiokunywa pombe, wajawazito, watoto na watakaoendesha magari wanastahili kinywaji kizuri kama cha wengine, wala si soda ya kuwaridhisha tu. Kwa wanaokunywa, mililita 45 za jini, vodka au ramu nyeupe kwa kila glasi ni kipimo cha kutosha. Pima kwa kikombe kidogo. Utamu wa beri huficha ukali wa pombe, na mtu anaweza kunywa nyingi bila kujua.

Maji ya soda huja mwisho kabisa, tena yakiwa baridi sana. Kwenye nyuzi 0 za Selsiasi maji hushika gesi ya kaboni karibu mara mbili ya yanavyoishika kwenye nyuzi 20, kwa hiyo soda yenye uvuguvugu hupoteza mapovu upesi. Kutikisa nako huifukuza gesi. Mimina taratibu juu ya barafu kubwakubwa, koroga mara moja kutoka chini kwenda juu, na uwape wageni papo hapo.