Karela na maradhi ya sukari: utafiti umefika wapi mpaka sasa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kila tukiweka meza yetu ya elimu ya afya, iwe Darajani Unguja au soko la Chake kule Pemba, suali la kwanza huwa lilelile, "Daktari, karela linatibu sukari, kweli au uongo?" Na anaeuliza mara nyingi keshaanza kulinywa zamani, anachotaka ni mimi nimwambie endelea. Mie ni mfamasia, kazi yangu kwenye taasisi ni miti dawa, kwa hiyo nimeona leo nijibu kwa urefu kidogo maana ukijibu "ndio" unamdanganya mtu na ukijibu "hapana" pia unamdanganya.

Tuanze na mmea wenyewe, huu unaozaa mboga chungu tunayoiita karela. Jina lake la kitaalamu ni Momordica charantia, ni ukoo mmoja na tango, boga, tikiti na dodoki, ndo maana ukiuona unavyotambaa kwenye ua na vile vikamba vyake vya kujishikia utadhani tango limejiotea. Wengi wanaamini karela ni kitu cha Kihindi kwa sababu jina na mapishi tumeyapokea kwao, lakini uchunguzi wa vinasaba ulotolewa mwaka 2010 ulionesha jamii hii ya Momordica, yenye spishi zipatazo 60, asili yake ni Afrika, ikavuka bahari ikaenda Asia, na huko watu wakaupanda na kuuchagua vizazi kwa vizazi mpaka likapatikana karela refu tunalonunua sokoni. Yale madogo yanayoota wenyewe vichakani, yakiiva yanakuwa rangi ya chungwa halafu yanapasuka mbegu zinatoka nyekundu, ni mmea huohuo.

Sasa kuna hili la uchungu, hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu anakwambia chungu inaua tamu, kwa hivyo ukinywa kitu kichungu sukari ya mwilini inakimbia. Sivyo. Tamu ya ulimini ni jambo moja na sukari ya kwenye damu ni jambo jengine, muhogo wa kuchemsha hauna utamu wa halua lakini ukishateremka tumboni unageuka sukari, na panadoli ukiitafuna ni chungu unafumba macho na haishushi sukari ya mtu. Kama karela linafanya kazi basi ni kwa sababu ya vitu vilivomo ndani yake, na hivyo ndivyo wanasayansi walivokuwa wakivitafuta.

Na wamevipata, tusiwanyime haki yao. Kuna kinachoitwa charantini, kuna kemikali nyengine za jamii ya triterpeni ambazo ndo zinazolipa karela ule uchungu, na kuna protini moja ndogo inaitwa polipeptidi-p. Hii polipeptidi-p watafiti wa India waliielezea mwaka 1981, wakaona ina tabia ya kufanana na insulini, ile homoni ya mwili inayoshusha sukari ya damu, wagonjwa walopigwa sindano yake sukari ilishuka. Nasisitiza hapo, sindano. Protini ukiinywa tumbo linaivunja kama linavyovunja samaki, ndo maana insulini yenyewe mpaka leo watu wanajichoma sindano hawainywi kwa kikombe, sasa huyo anaekwambia karela lina "insulini ya asili" na ukinywa jusi yake basi umeshapata insulini, hilo la tumbo halijui au kaamua asikwambie. Mwaka 2008 timu ya Australia na China ikachukua zile triterpeni ikaona zinaamsha kimeng'enya kimoja ndani ya seli kinaitwa AMPK, na kimeng'enya hichi ndo hichohicho kinachoamka mtu akitembea kwa kasi au akilima, kikiamka misuli inavuta sukari kutoka kwenye damu. Kwa hiyo ndani ya maabara karela si hadithi, lina kitu.

Lakini kutoka maabara mpaka kwa mama yako kuna safari. Panya wanaotumika wengi wao hupewa maradhi ya sukari makusudi, wanapigwa dawa inaitwa streptozotosini inaua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ndani ya siku chache panya ana sukari. Mgonjwa wetu wa Micheweni hakupata sukari namna hiyo, yake imekuja pole pole miaka kumi, uzito, urithi, mwili kuikataa insulini yake wenyewe. Tena panya hupewa dondoo, yaani karela limekaushwa likatolewa maji na nyuzi likabaki lile zito lake tu, na kwa vile zaidi ya asilimia 90 ya karela bichi ni maji, yale makarela mawili uloyasaga kwenye blenda asubuhi yanaweza kuwa mbali kabisa na kipimo alichopewa yule panya. Na hata hayo mawili ya leo si sawa na mawili ya wiki ijayo, aina ya mbegu, udongo, limechumwa changa au limekomaa, vyote vinabadilisha kilichomo ndani, wakati kidonge cha metfomini, ile dawa ya sukari ya hospitali, cha miligramu 500 ni 500 leo na kesho na hata ukisafiri nacho.

Kwa binadamu je? Ufilipino, kule wanaliita ampalaya na wanalipenda kweli, walifanya jaribio wakalitoa mwaka 2007, wagonjwa 40, miezi mitatu, nusu wanapewa vidonge vya karela na nusu vidonge vitupu bila kujua nani kapewa nini. Walikuwa wanategemea kipimo cha HbA1c, kile kinachoonesha sukari ya miezi miwili mitatu ilopita, kishuke kwa pointi moja. Tofauti ilopatikana ni 0.22 tu, ambayo kitakwimu huwezi kuitofautisha na bahati. Thailand mwaka 2011 wakachukua wagonjwa 129 kwa wiki nne, hapo kidogo matumaini, walopewa miligramu 2000 kwa siku sukari yao ilishuka, lakini ilishuka kidogo kuliko walopewa metfomini miligramu 1000. Halafu mwaka 2012 jopo la Cochrane, hawa kazi yao ni kukusanya majaribio yote ya jambo moja na kuyapima upya, walikusanya majaribio manne yenye watu 479, wakasema ushahidi hautoshi kumwambia mgonjwa atumie karela kama dawa ya sukari. Hawakusema ni sumu wala hawakusema ni uongo, wamesema hautoshi, na mimi nafanya kazi hii na miti naipenda lakini nasimama hapohapo.

Sasa mtu ataniambia, daktari kama halina madhara si nijaribu tu. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Ramadhani moja, nipo Pemba, muda mfupi baada ya sala ya alfajiri akaletwa bibi wa miaka sitini na kitu, kalazwa nyuma ya gari ya mizigo juu ya mkeka. Kanga imerowa jasho kama katolewa kisimani, mikono inatetemeka, anasema maneno hayafahamiki. Nyumbani walidhani kapandwa na shetani na walishatuma mtu kwa mganga, ni jirani tu ndie aliekazania aletwe hospitali kwanza. Kidole kikachomwa, mashine ikasoma 2.3. Kwa asieijua hesabu hii, mgonjwa wa sukari akishuka chini ya 4 tunaanza kuwa na wasiwasi, 2.3 ubongo unakosa chakula. Akawekewa dripu ya glukosi, dakika kumi hazikufika akafungua macho akauliza, "Wanangu, mbona mko wengi?"

Alipotulia nikakaa nae. Bibi, umetumia dawa gani? "Zilezile zenu, mwanangu." Na nyengine? Akanyamaza, akamtazama mkwewe. Mkwewe ndie alosema, mtoto wa kiume alieko Unguja alituma sauti kwenye WhatsApp imetoka kwenye grupu, mtu anasema karela gilasi moja kila daku linamaliza sukari kwa siku arubaini, wakanunua, wakasaga, siku ya tano hiyo. Na bibi alikuwa anatumia glibenklamaidi. Hichi ni kidonge kinachokamua kongosho litoe insulini, umekula hujala chenyewe kinakamua tu, sasa juu yake ukaongeza karela, juu yake njaa na daku lenyewe alikula tende tatu na hiyo jusi basi, sukari ikaporomoka. Mwanawe alipopiga simu alikuwa analia, anasema "nilitaka nimsaidie mama tu". Na mie namuamini, karibu wote wanaotumiana hizi sauti wanataka kusaidiana.

Jambo hili si geni, tangu mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walishaandika juu ya karela kugongana na kidonge cha jamii hiyohiyo ya glibenklamaidi, na imeripotiwa watoto wadogo kupata degedege na kupoteza fahamu baada ya kunyweshwa chai ya karela. Ndo maana nasema kila siku kliniki, ukila karela sema. Hatutokufokea. Daktari akijua anaweza kupunguza kipimo, akijua una nia ya kufunga anaweza kukubadilishia saa za dawa, asipojua anaongeza vidonge tu kwa kuona sukari inapanda inashuka haelewi kwa nini. Na mwenye sukari akiwa amefunga akapima akakuta chini ya 3.9, saumu yake imeishia hapo, afungue saa hiyohiyo hata kama adhana ya magharibi imebaki nusu saa.

Kuna ambao karela kama dawa wasilisogelee kabisa. Mama mjamzito, kwa sababu mbegu zake zina protini ambazo kwa panya ziliharibu mimba, na anaenyonyesha nae asubiri. Mtoto mdogo. Mtu anaetarajia kufanyiwa opereshini. Na kuna watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu huu ni wa kuzaliwa nao na unapatikana zaidi sehemu zilizoishi na malaria karne na karne kama mwambao wetu huu, wengi wanao na hawajijui. Mbegu za karela zina kitu kinaitwa visini, kilekile kilichomo kwenye maharage ya fuli, na mwenye upungufu huo visini inaweza kumvunjia chembe nyekundu za damu, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa na macho manjano. Kwa hiyo hao wanaosaga karela na mbegu zake ili "nguvu isipotee", tafadhali acheni.

Na la mtoto mwenye sukari ya aina ya kwanza, huyu kongosho lake halitoi insulini, ukimtoa kwenye sindano ukampa karela unampoteza kwa siku chache, anaanza kutapika, anapumua kwa kasi, halafu fahamu zinaondoka. Sitaki kulisema kwa upole.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kuwa watu wanaona vidonge ni vya Wazungu na mti ni wetu, wakachagua kama wanachagua timu. Hiyo metfomini unayoitupa ndugu yangu nayo mwanzo wake ni jani. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa Galega officinalis, wazee wa kule walikuwa wanautumia kwa mtu mwenye kiu na mkojo mwingi, wakautafiti wakakuta una kitu kinachoshusha sukari lakini kina sumu, wakatafuta jamaa yake alie salama zaidi, metfomini ikatengenezwa mwaka 1922, na mpaka daktari Jean Sterne wa Paris anaandika matokeo yake kwa wagonjwa ni mwaka 1957. Miaka 35. Karela nalo linaweza kufika huko, mimi natamani lifike na natamani sehemu ya kazi hiyo ifanywe hapahapa Zanzibar, kwa waganga wetu kukaa na maabara wakaoneshana wanachokijua. Lakini halifikishwi na chupa isiyo na lebo inayouzwa stendi, na ukikutana na chupa ya hivyo inadai inamaliza sukari ipeleke kwa Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA, waitazame.

Kama mboga, liliwe, hilo sina tatizo nalo. Gramu 100 za karela bichi zina kalori 17 tu na vitamini C miligramu 84, mwenye sukari anataka mboga ya namna hiyo kwenye sahani yake badala ya mlima wa wali. Lipasue kati, kwangua mbegu zote na ule utando wake mweupe utupe, likate vipande vyembamba ulitie chumvi likae kama nusu saa halafu likamue na ulioshe, uchungu unapungua na chumvi inaondoka. Kitunguu, nyanya, bizari, kamba kidogo au dagaa, tui jepesi, na embe bichi kama lipo. Kipimo ni cha mboga, kibekuli kidogo na wenzio, siku mbili katika wiki, sio gilasi kila alfajiri kwa tumbo tupu.

Yule bibi anakuja kliniki mpaka leo. Kidonge chake kilibadilishwa, na mjukuu wake alie skuli amemchorea daftari, upande mmoja sukari ya asubuhi, upande wa pili siku alizokula karela. Mara ya mwisho alinifungulia mwenyewe nisome: Jumatano, karela na kamba, asubuhi yake 6.8. Ijumaa hakula, 7.1. Jumapili, karela na dagaa, 7.0. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, ni karela au ni vidonge?" Nikamwambia bibi, kwa mtu mmoja na daftari moja siwezi kujua, ila endelea kuandika.