Je, wajua kwa nini tovuti ya biashara hupangwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa?

Mwezi Novemba 1999, baada ya kuahirisha uzinduzi kwa miezi kadhaa, kampuni ya Boo.com ya jijini London ilifungua duka la mavazi kwenye intaneti. Duka hilo lilikuwa na picha za nguo ambazo mteja aliweza kuzizungusha, pamoja na msaidizi wa kuchorwa aliyeitwa Miss Boo, na kwa macho lilipendeza kweli. Tatizo ni kwamba wateja wengi wa wakati ule waliingia kwenye intaneti kwa modemu za laini ya simu, na hata modemu bora miongoni mwake, ya kilobiti 56 kwa sekunde, ilihitaji zaidi ya dakika mbili kuvuta megabaiti moja. Mei 2000 kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi, ikiwa imekwisha kutumia dola za Marekani zipatazo milioni 135. Haingekuwa haki kuitupia tovuti lawama zote, kwa kuwa fedha nyingi zilikwenda kwenye matangazo na uendeshaji. Hata hivyo, duka lilikuwa limejengwa kwa ajili ya mteja mwenye intaneti ya kasi, naye kwa wakati huo alikuwa adimu.

Kosa la namna hiyo halihitaji mamilioni ya dola ili litokee. Tuchukue mfano wa karakana ya samani iliyoko Keko, Dar es Salaam, ambayo mwenyewe anamwendea mtengenezaji wa tovuti na kumwambia tu kwamba anataka tovuti nzuri. Mtengenezaji, asipopewa maelezo zaidi, atajenga duka la kawaida la mtandaoni ambamo kila bidhaa ina picha moja, bei moja na kikapu cha manunuzi. Kazi ikikamilika, mwenye karakana anaketi kuingiza vitanda vyake na kugundua kwamba kitanda kimoja kina vipimo vitatu, yaani futi 4 kwa 6, 5 kwa 6 na 6 kwa 6, na kwamba kila kipimo huweza kutengenezwa kwa mninga, mkongo au paini. Bei moja imekuwa bei 9.

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Kwa mwenye karakana, jambo hili linaonekana kuwa dogo, la kuongeza visanduku vichache vya kuandikia. Kwa mtengenezaji, dhana ya kwamba bidhaa moja ina bei moja imekwisha kuzama katika muundo wa hifadhidata, yaani mahali tovuti inapotunza taarifa zake, na juu yake vimejengwa ukurasa wa bidhaa, hesabu ya kikapu, fomu ya oda na ujumbe wa kuthibitisha malipo. Kuibadilisha ni kuvigusa vyote hivyo, kisha kuvijaribu upya kimoja kimoja, maana rekebisho la sehemu moja huweza kuharibu nyingine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri jana. Dhana hiyo hiyo ingekuwa bado ni mstari wa penseli, kifutio kingetosha.

Karatasi ingefichua jambo zito zaidi. Mteja wa samani hanunui kitanda kama anavyonunua sabuni: huuliza, hupatana bei, hutoa malipo ya awali, kisha husubiri fundi amalize kazi. Basi kikapu cha manunuzi, ambacho ni miongoni mwa sehemu zenye gharama kubwa katika tovuti ya duka, huenda hakikuhitajika kabisa. Picha safi, bei ya kuanzia, muda wa kutengeneza na kitufe cha kumfikisha mteja kwenye WhatsApp vingemfaa zaidi.

Mwenye biashara atajuaje mapema kinachohitajika? Kwa maoni yangu, chanzo bora ni simu yake mwenyewe. Akipitia ujumbe wa wateja wa mwezi mmoja na kuandika kila swali lililoulizwa, ataona maswali yale yale yakijirudia: bei gani, mbao gani, mko wapi, mnafikisha hadi Kibaha? Maswali yanayojirudia zaidi ndiyo yanayostahili kukaa mbele, na yaliyobaki yatapata nafasi katika kurasa za ndani. Historia ya karakana na picha ya mkurugenzi, ambavyo wenye biashara wengi hupenda kuvianza navyo, mara nyingi havimo kabisa katika orodha hiyo.

Kutokana na orodha hiyo huchorwa ramani ya kurasa, inayoonyesha ukurasa upi unaongoza kwenda upi, na baada yake mchoro wa kila ukurasa kwa masanduku matupu, bila rangi wala mapambo. Ni vyema mchoro ufanywe kwa upana wa skrini ya simu, kwa kuwa hapo ndipo wateja wengi watakapouona. Kisha apewe mtu ambaye hakushiriki katika kupanga, aambiwe atafute bei ya kitanda cha 5 kwa 6 kwa kugusa karatasi kwa kidole kana kwamba ni simu. Kidole kikitangatanga, mpango bado haujaiva.

Picha nazo zina hesabu yake. Picha ya simu janja huweza kufikia megabaiti 4, kwa hiyo ukurasa wenye picha 20 za namna hiyo utamla mteja megabaiti 80 za bando, ilhali picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, jumla itakuwa megabaiti 4 tu. Uamuzi huu, pamoja na ule wa nani atapiga picha na nani ataandika maelezo, unapaswa kufanywa mapema. Tovuti nyingi hukaa miezi zikiwa tayari isipokuwa maneno.

Fomu ya oda nayo ipimwe, maana hukusanya taarifa za mteja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ikiwa jina na namba ya simu vinatosha kumhudumia mteja, hakuna sababu ya kumwomba tarehe ya kuzaliwa.

Limebaki suala la jina la tovuti, lile linaloishia kwa .co.tz au .co.ke. Ni kawaida mtengenezaji kulisajili kwa jina lake na barua pepe yake kwa nia njema tu ya kuharakisha kazi, na hakuna anayelikumbuka mpaka siku yeye na mwenye biashara watakapokosana, au mtengenezaji atakapohama na tarehe ya kulipia upya ikapita. Wakati huo jina limekwisha kuandikwa kwenye kadi, kwenye gari la kupelekea mizigo na kwenye bango la karakana. Kwa hiyo, katika karatasi ile ile ya mpango, uwepo mstari mmoja unaotaja kwamba mwenye jina ni karakana, na kwamba barua pepe na namba ya simu zitakazosajiliwa ni za mwenye karakana.