Chokoleti ya protini nyumbani: piga hesabu kwanza ndio uwashe jiko

Mi ni mtaalamu wa lishe, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watu wanaotaka kupungua au kujenga misuli lakini hawataki kabisa kuachana na vitu vitamu, na siwalaumu maana hata mimi siachi. Sasa wengi wao wanakuja na resipi ileile waliyoitoa mtandaoni: oti, siagi ya karanga, asali, vipande vya chokoleti, unachanganya, unaviringisha vitufe, unatupia friji, halafu juu pameandikwa eti vitufe vya protini. Tusidanganyane jamani, hebu tuvipigie hesabu.

Chukua oti gramu 100, siagi ya karanga gramu 125, asali gramu 80 na chokoleti nyeusi gramu 50. Protini ya oti kama gramu 13, ya karanga kama 31, chokoleti 4, asali hamna kitu. Jumla 48, unaona ooh si mbaya. Ila kalori za bakuli zima zinakaribia 1,700, na kila gramu ya protini ina kalori 4, kwa hiyo kalori zinazotoka kwenye protini hazifiki hata 200. Hiyo ni asilimia 11 na kitu. Zingine zote ni mafuta na wanga.

Nilikoitoa hiyo namna ya kupima ni kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 inayohusu maneno ya kujisifu kwenye vyakula, ambayo inasema huwezi kuandika kwenye pakiti kwamba kitu kina protini nyingi mpaka angalau asilimia 20 ya nishati yake itokane na protini, na ukitaka kusema tu kwamba kina protini basi angalau asilimia 12. Vile vitufe vinaishia mlangoni kwa hiyo ya 12. Mimi natumia kipimo hichohicho jikoni kwa sababu ni rahisi na hakidanganyiki: gramu za protini mara 4, gawa kwa kalori zote, basi. Ukisoma gramu peke yake unaweza kuamini chochote, maana hata keki ya kawaida ukila nusu nzima utapata gramu nyingi tu za protini.

Anayebeba lawama hapo ni siagi ya karanga, na najua nitawaudhi watu. Gramu 100 zake zina protini kama 25 lakini mafuta ni kama 50, kalori karibu 600, kwa hiyo yenyewe peke yake haifiki hiyo asilimia 20. Ni chakula kizuri sana, mafuta yake mengi ni ya aina nzuri, ila ni chakula cha mafuta chenye protini ndani yake. Iweke kwa ajili ya ladha na kushikanisha, usiitegemee ikubebee protini.

Sasa tubadilishe nini. Kile kitu kinachojaza bakuli, yani kile kingi kuliko vyote, kiwe ni kitu ambacho kikiondolewa maji kinachobaki zaidi ni protini: mtindi mzito uliochujwa usio na mafuta, ute wa mayai, tofu laini, au unga wa protini. Mtindi wa namna hiyo una protini kama gramu 10 kwa kila gramu 100 na kalori 60 hivi tu, yani zaidi ya nusu ya kalori zake ni protini. Halafu utamu wa chokoleti uutoe zaidi kwenye unga wa kakao na kidogo kwenye chokoleti yenyewe, kwa sababu chokoleti nyeusi ya asilimia 70 ina kalori kama 600 kwa gramu 100, wakati kakao inakupa ladha ileile bila sukari na kwa mafuta kidogo tu. Kakao nayo ina protini, kama gramu 20 kwa 100, ila kijiko kimoja cha chakula ni gramu 5 au 6 kwa hiyo usihesabu kupata kitu cha maana hapo, gramu moja tu hivi.

Ya kwanza ninayowapa watu ni krimu ya chokoleti na mtindi kwa sababu haihitaji unga wa protini wala oveni. Mtindi gramu 400, chokoleti nyeusi gramu 60, kakao vijiko viwili vya chakula, maziwa mililita 60, asali kijiko kimoja, chumvi kiduchu na vanila. Toa mtindi kwenye friji nusu saa kabla. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu: wanayeyusha chokoleti vizuri kabisa halafu wanaimwagia kwenye mtindi wa baridi, mafuta ya kakao yanagandia hapohapo na unabaki na punje ngumu ngumu ndani ya mtindi mweupe. Fanya hivi badala yake, pasha maziwa mpaka yaanze kutoa mvuke, mimina juu ya chokoleti uliyoikatakata ndogo pamoja na kakao, acha dakika moja bila kugusa, halafu koroga ukianzia katikati kwenda nje mpaka ing'ae. Kisha weka mtindi kidogo kwanza, koroga, ndio umalizie wote. Friji masaa mawili, imeshika.

Na usipunguze hayo maziwa eti kuokoa kalori! Chokoleti ni chembe za kakao na sukari zinazoelea ndani ya mafuta, ukiingiza matone machache ya maji zile chembe zinalowana na kugandamana, unapata bonge gumu lenye mchanga mchanga. Lakini ukiweka maji ya kutosha inarudi kuwa laini, ndo maana maziwa mengi hayana tatizo ila mvuke mdogo uliodondoka kutoka kwenye mfuniko unakuharibia kila kitu. Ikishaganda hivyo usiitupe, ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, itarudi.

Hesabu yake: protini karibu gramu 49, kalori kama 720, inakuja asilimia 27. Gawa vikombe vinne, kila kimoja protini 12 na kalori 180. Ukitumia mtindi uleule uliochujwa ila wenye mafuta yake yote, inashuka mpaka asilimia 20 hivi, bado imo ila umegusa mstari.

Twende kwenye unga wa protini, maana huku ndiko kwenye maneno mengi. Watu wanafikiri unga wa protini ni unga kama unga wa ngano, kwamba unatoa hiki unaweka kile. Hapana. Ngano ina wanga na gluteni zinazojenga keki, protini ya wei, ile inayotokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kutengeneza jibini, ikipata moto kuanzia nyuzi joto 70 kwenda juu inakunjuka na kukamatana inakamua maji nje, kama ute wa yai unavyofanya kwenye kikaango. Kwa hiyo ile keki ya kwenye kikombe ya maikrowevu ukiitengeneza kwa wei tupu utatafuna mpira, na ukiiongezea dakika ndo imekula kwako kabisa. Kwenye vitu vya kuoka mi sizidishi wei robo ya vitu vikavu vyote, naweka kitu chenye unyevu mwingi kama mtindi au ndizi iliyopondwa, na natoa kwenye oveni wakati katikati bado panaonekana pabichi kidogo maana panaendelea kuiva penyewe. Kama kuna yai ndani hakikisha limeshika lakini.

Kaseini, ambayo nayo ni ya maziwa, inavumilia moto vizuri zaidi ila inakunywa maji balaa. Protini ya njegere na ya soya zinakunywa maji pia, na ya njegere ina ile ladha ya udongo udongo ambayo kwa bahati nzuri kakao ndiyo kitu pekee ninachokijua kinachoifunika vizuri. Kwa hiyo ukiona resipi imeandikwa tu "unga wa protini kijiko kimoja" bila kusema ni upi, jua aliyeandika hajajaribu zaidi ya aina moja. Weka kimiminika kidogokidogo, nusu ya kilichoandikwa kwanza, angalia, ongeza.

Vile vitufe vya mwanzo tunaviokoaje? Oti zilizosagwa gramu 80, wei gramu 80, siagi ya karanga 80, kakao 20, asali 40, na maziwa mililita 80 mpaka 100. Protini inafika karibu gramu 97 na kalori 1,330 hivi, asilimia 29. Unatoa vitufe kumi vya gramu 10 za protini kila kimoja, bila moto wowote kwa hiyo hakuna mpira. Unga wa ngano mbichi usiuweke humo hata siku moja, unaweza kubeba salmonela na bakteria wengine, oti za kawaida zile bapa zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani. Mchanganyiko ukiwa unanata sana usikimbilie kuongeza unga, uache dakika kumi, protini na oti bado zinakunywa maji.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2015 sukari huru, yani ile inayoongezwa kwenye chakula pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo asilimia 10 ni gramu 50, na ASALI IMO, nasema kwa herufi kubwa kwa sababu nimeshachoka kubishana. Tende nzima haihesabiwi humo na ina nyuzinyuzi, ila bado zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, kwa hiyo tende kumi kwenye bakuli sio "bila sukari". Njia nzuri zaidi ni kupunguza uchungu badala ya kuongeza utamu: chumvi kidogo inaupunguza uchungu wa kakao, na ile kakao nyeusi iliyopitishwa kwenye alkali, mbinu ya Mholanzi Coenraad van Houten wa karne ya 19, haina ukali wa asidi kwa hiyo inaridhika na sukari kidogo. Unapoteza sehemu ya flavanoli zake, yani zile kemikali za asili za kakao zinazosifiwa kiafya, ila mi naona bora hivyo kuliko vijiko vitatu vya asali. Vitamu mbadala kama maltitoli tumia kwa kiasi, ukizidisha tumbo litakujibu, na zailitoli, kitamu kingine mbadala, ni sumu kwa mbwa, hata chokoleti yenyewe ni sumu kwao, msiwape.

Ukitaka kuvipaka chokoleti nje, gramu 60 zinatosha vitufe kumi na asilimia inashuka kama 24, sawa tu. Yeyusha theluthi mbili, toa motoni, tia theluthi iliyobaki ukiwa umeikatakata na ukoroge mpaka ifike nyuzi 31 au 32, itang'aa na itavunjika kwa mlio. Huna kipimajoto? Ipake tu uviweke friji, pengine itatoa madoa meupe baada ya muda, ni mafuta ya kakao yamepanda juu, sio ukungu.

Watu wanaoambiwa na daktari wapunguze protini kwa ajili ya figo, hizi sio zenu mpaka muongee naye. Na kwa mtu mzima mwenye afya, mahitaji ya msingi ni kama gramu 0.83 kwa kilo ya uzito, yani mtu wa kilo 70 ni gramu 58 hivi, wengi mnazifikisha kwa mlo wa kawaida tu. Faida kubwa ninayoiona kwa wateja wangu ni kwamba kitufe chenye protini kinashibisha, mtu anakula viwili anaacha.

Vya wei vinakaa siku tano hivi friji, vinazidi kuwa vigumu kila siku kwa sababu protini inaendelea kunyonya unyevu kutoka kwa jirani zake. Kwa hiyo vigandishe friza siku hiyohiyo, toa kimoja kimoja robo saa kabla ya kula, na vikishakuwa mawe vikatekate uvimwage kwenye ile krimu ya mtindi.