Leza Inayotokea Ubavuni: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Proba za Faiba

Mishipa ya moyo, njia ya mkojo, umio: katika mirija yote hii, kile daktari anachokitafuta kiko ukutani, hakiko mbele. Faiba, uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, ikikatwa kawaida humulika mbele tu. Ndiyo maana hutengenezwa proba, vijiti vyembamba vya faiba ambavyo ncha yake huigeuza leza itokee ubavuni. Kwenye mchoro kazi hii huonekana kama somo la kwanza la fizikia ya mwanga, na dhana potofu nyingi huzaliwa hapo hapo kwenye mchoro.

“Si unaikunja tu?”

Faiba ya kawaida ya kioo ina unene wa maikromita 125. Ukiikunja kwa rediasi ya milimita 1, upande wake wa nje huvutika kwa asilimia 6 hivi, kiwango ambacho hata silika (kioo kinachotengenezea faiba) iliyo safi, isiyo na mkwaruzo, hukatika. Mwanga nao utakuwa umeshavuja kutoka kwenye kiini, sehemu ya katikati inayoubeba, muda mrefu kabla ya hapo. Isitoshe, katheta (mrija mwembamba unaoingizwa mwilini) ya kuingia mshipa wa moyo ina unene wa takriban milimita 1 kwa jumla, kwa hiyo kona ya aina hiyo haina pa kukaa. Mwanga lazima ugeukie ndani ya sehemu ya milimita, na anayeugeuza ni uso uliosuguliwa mshazari kwenye ncha.

“Sugua digrii 45, mwanga utatoka digrii 90”

Hii ndiyo huwaponza wengi, kwa kuwa ni kweli nusu. Kinachofanya kazi kwenye ncha ni uakisi kamili wa ndani: mwale ukigonga mpaka wa kioo na hewa ukiwa umeinama vya kutosha, hurudi wote ndani ya kioo. Silika ina kipimo cha upindaji, yaani kiasi inachoupinda mwanga, cha takriban 1.45, hivyo pembe yake ya ukomo, ile ambayo mwale lazima uivuke ili urudi wote, ni digrii 43.6, ikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso. Mwale unaopita katikati kabisa ya faiba hugonga uso wa digrii 45 kwa digrii 45. Umevuka ukomo kwa digrii 1.4 tu.

Sasa, mwanga ndani ya faiba nene za tiba, zile zenye kiini cha maikromita 200 hadi 600, hausafiri kama mwale mmoja. Kwa aina inayotumika sana, miale hutawanyika hadi digrii 8.7 kila upande wa mhimili. Ile iliyoinama upande mbaya hugonga uso kwa digrii 36, hupenya na kuendelea mbele, mahali ambapo hakuna aliyeikusudia. Ukijaribu mezani kwa leza ndogo nyekundu utaona doa zuri ubavuni na kudhani mambo yamekwisha. Tia wati 100, na kilichokuwa mng'ao hafifu mbele ya ncha kinakuwa moto.

Hesabu inayofaa huanza na mwale mbaya kuliko yote: 43.6 ukijumlisha 8.7 ni 52.3, na 90 ukitoa 52.3 ni 37.7. Kwa hiyo uso husuguliwa ukae digrii 37 hadi 38 kutoka kwenye mhimili wa faiba, na mwale wa katikati hugeuka digrii 75 hivi badala ya 90. Leza za kijani za nanomita 532 zinazotumika kupunguza tezi dume iliyovimba hutoa mwanga wake kwa digrii 70 hivi. Hiyo si dosari ya fundi; ni bei ya kuhakikisha hakuna kinachopenya.

“Paka metali, tatizo limekwisha”

Kwa proba za kupiga picha, zinazobeba milliwati chache, utando wa metali ni suluhisho halali na hutumika sana. Kwa tiba, hapana. Alumini hufyonza asilimia 8 hadi 10 ya mwanga wa kijani. Kwa wati 100 hizo ni wati 8 au zaidi juu ya eneo lisilofika milimita moja ya mraba. Utando huungua. Dhahabu ni nzuri kwenye infraredi lakini kwa kijani ni mbaya zaidi. Uakisi kamili wa ndani haupotezi karibu chochote, mradi nyuma ya uso kuna hewa.

“Kile kikofia cha kioo ni cha kinga tu”

Kwangu mimi kikofia, kile kifuniko kinachovalishwa ncha ya faiba, ndicho moyo wa ubunifu wote. Chukua ncha iliyosuguliwa vizuri, isiyo na kikofia, ipitishie mwanga mwekundu: doa liko ubavuni. Dondoshea tone la maji kwenye uso mshazari. Doa la ubavuni hufifia mara moja na mwanga hurukia mbele. Maji yana kipimo cha 1.33, hivyo pembe ya ukomo hupanda kutoka 43.6 hadi digrii 66 na zaidi, na uso wako hauakisi tena. Ndani ya mwili kila kitu ni majimaji. Kikofia cha silika huziba ncha ili hewa ibaki nyuma ya uso huo.

Kikofia nacho kina gharama yake. Kila mahali mwanga unapovuka kati ya kioo na hewa, asilimia 3 na nusu hivi hurudi. Kutoka kwenye faiba kuingia hewani, kisha kutoka hewani kuingia kwenye kikofia: asilimia 7 imeshapotea njia. Suluhisho zuri ni kuyeyusha ubavu wa faiba na kikofia viwe kioo kimoja upande mwanga unaotokea, huku hewa ikibaki upande wa uso mshazari tu.

“Leza hutoka nyembamba na kubaki nyembamba”

Ikishatoka kwenye faiba hutanuka. Ubavu wa faiba ni mviringo, hivyo hufanya kazi kama lenzi ya upande mmoja na doa hutoka la duaradufu. Kwa picha za OCT, zinazotumia mwanga kuonyesha tabaka za ndani ya tishu na zilizoonyeshwa na kundi la MIT kwenye umio la sungura mwaka 1997 kwa katheta ya milimita 1, hili ni suala zito. Kwa mwanga wa nanomita 1310, doa la maikromita 30 hubaki kali kwa umbali wa milimita 1 hivi. Likipunguzwa hadi 10, umbali huo hushuka hadi milimita 0.12. Huwezi kupata doa dogo na umbali mrefu kwa pamoja. Hapo pia digrii 90 kamili hazitakiwi: mwanga unaogonga ukuta wa mrija kwa wima hurudi moja kwa moja kwenye faiba na kuichafua picha, hivyo huinamishwa kidogo kwa makusudi.

“Proba haichakai, mradi haijavunjika”

Tishu ikigandia kwenye kikofia hufyonza leza, huungua, na silika chini yake huanza kugeuka fuwele nyeupe, yenye vishimo. Mwanga hutawanyika, joto huzidi, ufa hutokea, na maji hupenya hadi kwenye uso mshazari. Kuanzia hapo proba inamulika mbele, hata kama daktari bado ameielekeza ukutani.